Naivasha, kulala siku mbili kwenye banda la sola na kuni boosta: tujipange vipi?

kasuku_donholm

Hamjambo wadau. Ijumaa ya wiki ijayo tunatoka Donholm kwenda kupumzika kando ya Ziwa Naivasha, upande wa Moi South Lake Road. Tunarudi Jumapili. Tuko watano: mimi na mume wangu, mama mkwe wa miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua, na watoto wawili, wa miaka 10 na 6. Gari ni Noah.

Banda lenyewe ni la mbao, paa la nyasi, karibu kabisa na maji. Hakuna stima, ni sola. Maji moto ni ya kuni boosta ambayo wageni huwasha wenyewe. Jikoni kuna jiko la makaa na meko ya kuni, chakula ni cha kujipikia. Mwenye banda anataka nusu ya pesa mapema.

Ninachotaka ni mama apumzike kweli, si kuhamisha kazi ya nyumbani na kuipeleka ziwani. Naomba mnisaidie kwa haya: saa ya kutoka na barabara ya kufuata, jinsi ya kutumia hiyo boosta, chakula na maji kiasi gani, na usalama wa watoto kwa sababu ya viboko. Shukrani.

dereva_bonde

Dada, saa ndiyo muhimu kuliko barabara. Ni kama kilomita 90, na njia ikiwa wazi ni saa mbili. Ukitoka Donholm Ijumaa saa kumi jioni utatumia mara mbili ya hapo, na utafika giza limeingia, watoto wana njaa na boosta haijawashwa. Tokeni kabla ya saa sita mchana. Kama kazi hairuhusu, laleni nyumbani mtoke Jumamosi saa kumi na moja alfajiri.

Barabara ni mbili. Ya juu inapita Limuru, Kimende, Kinale na Kinungi. Ya chini inateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Kwa gari lenye mzee na watoto, shikeni ya juu. Ni pana zaidi na haina ule mteremko wa malori. Ubaya wake ni ukungu pale Kinale asubuhi na jioni. Ukikuta ukungu washa taa za chini, si za juu, maana mwanga wa juu unarudi machoni mwako na huoni kitu.

Mboga nunueni Soko Mjinga mkiwa mnakwenda, lakini viazi na kabeji za kupeleka nyumbani ngojeni Jumapili, msibebe mzigo mara mbili.

mzee_wa_gia

Nakubaliana na dereva_bonde kuhusu saa, ila kuhusu barabara nina tofauti kidogo. Barabara ya chini inakufikisha moja kwa moja karibu na pale South Lake Road inapoanzia, bila kuingia Naivasha mjini. Ya juu itakubidi upite mjini kisha urudi kusini. Ijumaa mchana hilo linaweza kukula nusu saa.

Mkichagua ya chini, mteremko wote shukeni kwa gia nzito. Noah ya otomatiki weka 2 au L, usikanyage breki mfululizo. Breki zikipata moto sana mafuta yake huchemka, pedali inazama bila gari kupunguza mwendo. Malori mengi huharibikia hapo kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo acheni nafasi kubwa mbele yenu. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, hapo sasa fuateni ya juu bila kufikiria mara mbili.

BandaNaKuni

Nitajibu la boosta kwa urefu kwa sababu ndilo linaloharibia wengi mapumziko, na ni kitu rahisi mtu akielewa kinavyofanya kazi.

Kuni boosta ni pipa la chuma lililosimama juu ya tanuri dogo, na bomba la moshi linapita katikati ya pipa. Maji baridi yanatoka kwenye tangi la juu na kuingia chini ya pipa. Yakipata moto yanapanda, na bomba la kwenda bafuni limeunganishwa juu. Maana yake ni kwamba maji moto hayatoki yenyewe. Yanasukumwa na maji baridi yanayoingia. Tangi la juu likiwa tupu, unaweza kuwa na pipa zima la maji yanayochemka na bafuni usipate hata tone.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha kiberiti, nenda bafuni, fungua mfereji wa maji moto uache utiririke kama dakika moja. Ukitiririka sawasawa bila kukohoa hewa, pipa limejaa. Ukikohoa au ukikauka, usiwashe. Pipa likipata moto bila maji, viungio vyake huachana na linaanza kuvuja. Mwite mhudumu ajaze tangi kwanza.

Halafu angalia juu ya pipa. Kuna bomba jembamba lililo wazi linaloelekea juu, mara nyingi limepanda kupita usawa wa tangi. Hilo ni la kutolea mvuke. Likitema maji au mvuke ujue moto umezidi, punguza kuni. Usiruhusu mtu yeyote aliweke kizibo kwa sababu linachuruzika, maana hapo mvuke hauna pa kutokea na pipa linaweza kupasuka.

Kuwasha: safisha majivu ya jana yasizibe hewa ya chini. Weka vijiti vikavu na karatasi, kisha kuni tatu au nne za unene wa kifundo cha mkono. Gogo nene halifai mwanzoni, linafuka tu na moshi unajaza masizi kwenye bomba. Baada ya dakika 30 hadi 45 gusa bomba la juu linalotoka kwenye pipa, kwa haraka, na kitambaa mkononi. Likiwa moto hadi huwezi kuendelea kulishika, maji yako tayari. Kuanzia hapo kuni moja moja inatosha kuyaweka hivyo.

Tuseme pipa ni la lita 100. Maji yakiwa moto vizuri mtayachanganya karibu nusu kwa nusu na baridi. Watu watano wakioga kwa beseni, lita 20 kila mmoja, inatosha na kubaki ya vyombo. Mkiacha mfereji wa juu umwage tu, wa nne ataoga maji ya uvuguvugu na wa tano baridi. Mama mkwe aoge kwanza, jua likiwa bado lipo.

Jambo moja kwa watoto: kwenye boosta hakuna kitu kinachodhibiti joto. Maji yanaweza kutoka yakiwa karibu kuchemka. Beseni linaanza na maji baridi, ndipo unaongeza moto, na mtu mzima ndiye anayefungua mfereji.

Sola nayo: hiyo ni ya taa na simu. Birika la umeme huvuta wati 1,500 hadi 2,000, na inveta (mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa soketi) nyingi za mabanda haya haziwezi hata nusu ya hapo. Ukichomeka birika au pasi, inazima na mnakaa gizani mpaka mwenyewe apatikane. Chajini simu mchana jua likiwaka, si saa nne usiku betri ikiwa ndiyo inategemewa kwa taa. Bebeni tochi mbili.

Baridi ya usiku msiidharau. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Donholm, na upepo wa majini unapita kwenye mianya ya mbao. Kila mtu soksi nzito na sweta, na chupa ya mpira ya maji moto kwa mama. Lakini msiingize jiko la makaa chumbani hata kama limebaki makaa mekundu bila moshi. Hewa yake yenye sumu haina harufu, unalala na huamki. Jiko likae nje usiku kucha, mlango wa banda ukiwa umefungwa.

mlinzi_wa_ufuo

Kuhusu viboko. Mchana wako majini. Giza likianza kuingia wanatoka kula nyasi, na nyasi fupi laini ya uani kwa banda ndiyo wanayoipenda. Wanarudi kabla ya mapambazuko. Siku ya mawingu mazito wanaweza kutoka mapema, kwa hiyo msitegemee saa peke yake.

Kiboko akishtuka hukimbilia majini, na chochote kilicho kati yake na maji anakipitia. Anakimbia kuliko mtu mzima. Ndiyo sababu sheria ni moja: kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi jua litoke vizuri, hakuna anayevuka uzio kuelekea ziwani, hata kupiga picha ya machweo. Ukihitaji kwenda kwenye gari usiku, mwite askari akusindikize na tochi.

Mkifika, kabla ya kushusha mizigo, tembeeni na mhudumu kando ya uzio wa umeme. Mwingi ni wa nyaya mbili tatu tu, wa chini ukiwa usawa wa goti, kwa sababu kiboko haruki. Angalieni mambo haya: nyasi ndefu hazigusi waya (zikigusa, hasa zikiwa na umande, umeme unaishia ardhini na uzio haumi tena), hakuna waya uliolegea au mti uliouangukia, na mashine yake inalia tik, tik, tik kila sekunde moja hivi. Ulizeni unawashwa saa ngapi na nani anauwasha. Jibu likiwa "huwa tunawasha kukiwa na wageni wengi", ombeni uwashwe mbele yenu. Watoto waonyesheni waya na muwaambie wasiuguse.

Swali lingine la kuuliza mapema ni ufuo uko wapi mwezi huu. Maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana katika miaka ya karibuni. Ile miti ya migunga mikavu mtakayoiona imesimama majini ilikuwa nchi kavu. Picha za mtandaoni zinaweza kuonyesha uwanja mpana ambao leo ni maji, na uzio umesogezwa hadi mlangoni. Ombeni picha ya wiki hii.

Boti ni asubuhi, saa moja hadi saa tatu. Alasiri upepo unainuka na mawimbi yanarusha maji ndani, si raha kwa mtu mwenye magoti mabovu anayejishika asianguke. Patana na nahodha usiku uliotangulia: bei ni ya boti au ya kichwa, saa inaanza kuhesabiwa lini, na kama mtashuka Crescent Island, kiingilio chake kinalipwa mbali. Mwulize pia ni gati gani litakuwa wazi. Gugu maji linasukumwa na upepo, gati lililokuwa safi jioni linaweza kuamka limezibwa, na gugu likijisokota kwenye propela injini inazima. Kwa mama, gati lenye sakafu usawa wa boti ni bora kuliko kupandia kwenye matope.

Jaketi la kuokolea la mtoto wa miaka 6 lijaribuni nchi kavu. Mfungie buckle zote, kisha mshike kwenye mabega ya jaketi umwinue kidogo. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa, ataponyoka majini. Hakuna la saizi yake? Basi haendi majini, na hilo halina mjadala. Nahodha azime injini mbali na kundi la viboko, mita 50 au zaidi, na asipite juu ya mahali walipozamia. Kuogelea ziwani hapana, hata kwenye kina kifupi.

mama_sufuria

Dada, ili mama asipike, kazi nyingi ifanyike Donholm Alhamisi usiku. Nyama kilo mbili chemsheni na tangawizi na chumvi, gandisheni kwenye makopo mawili. Maharagwe chemsheni kilo moja, gandisheni pia. Chapati 20 zifungwe kwenye kitambaa. Hayo ndani ya sanduku la barafu pamoja na chupa nne za maji yaliyogandishwa yatafika yakiwa magumu, na yatakaa salama mpaka Jumamosi jioni. Fungueni sanduku mara chache.

Vikavu: unga wa mahindi kilo mbili, mchele kilo moja na nusu, mayai 15, maziwa ya pakiti lita tatu, sukari nusu kilo, mafuta nusu lita, viberiti viwili vilivyofungwa visipate unyevu. Makaa debe moja linatosha. Kuni ulizeni kama zimo kwenye bei na kama ni kavu. Gongeni mbili pamoja: kavu zinalia kwa sauti kali, mbichi zinalia bu.

Samaki nunueni wabichi Jumamosi asubuhi ufuo wa Kamere. Matamvua yawe mekundu, macho yawe angavu yasiyozama. Mwambie muuzaji akuparulie na awatoe matumbo hapo hapo, maana mabaki ya samaki kwenye banda yanaita paka, nzi na kila mnyama wa jirani.

Maji ya kunywa bebeni kutoka Nairobi, mitungi miwili ya lita 20. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana madini ya floraidi kupita kiasi, ndiyo yanayofanya meno ya watoto yawe na madoa ya kahawia. Kuchemsha hakuyaondoi, kunayaongeza ukali kwa sababu maji yanapungua na madini yanabaki. Kwa siku mbili hayatawadhuru, lakini ladha yake inaharibu chai, na chai ikiharibika mama hatapumzika.

Tumbili! Wanajua kufungua dirisha na kufungua zipu. Mkate na ndizi visiachwe mezani hata dakika tano, na msiwalishe. Mbu nao ni wengi karibu na mafunjo. Fungeni milango na madirisha saa kumi na mbili kasoro, kabla ya kuwasha taa, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.

kasuku_donholm

Mungu awabariki, sikujua hata nusu ya haya. La boosta nimemsomea mume wangu neno kwa neno. Mawili yamebaki: huyu wa miaka 10 anataka baiskeli Hell's Gate Jumamosi, inawezekana bila kumchosha kila mtu? Na kuhusu ile nusu ya pesa, nitume tu?

baiskeli_bondeni

Inawezekana kama mtagawanyika. Hell's Gate ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 68, na ni kati ya chache nchini unaporuhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli kati ya twiga na punda milia. Baba na mtoto waende na baiskeli, wengine wabaki kwenye banda. Ingieni lango la Elsa mara tu linapofunguliwa asubuhi, rudini kabla ya saa tano, jua halijawa kali. Njia kuu ni tambarare yenye vumbi. Msijaribu kumaliza yote: nendeni hadi mnara wa Fischer, pumzikeni, endeleeni kidogo kwenye majabali, geukeni mtoto akiwa bado ana nguvu.

Za kukodisha zikagueni kabla ya kulipa. Bana breki zote mbili na usukume baiskeli, magurudumu yasizunguke. Zungusha pedali nyuma, mnyororo usiruke. Finya tairi kwa kidole gumba. Kiti cha mtoto kishushwe hadi vidole vya miguu vyote viwili viguse chini. Mwombe mwenye baiskeli pampu na namba yake ya simu.

Malipo ya KWS (shirika la wanyamapori) ni kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali; langoni hawapokei pesa taslimu. Lipeni usiku mkiwa na mtandao, mhifadhi risiti kwenye simu. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga tangu Juni 2020, kwa hiyo maji yawe kwenye chupa ya chuma au ile ngumu ya shule. Nyati wapo, mkiwaona karibu na njia simameni mbali mngoje wapite.

Korongo la chini mliache safari hii, hata mkikuta linafunguliwa. Mvua ikinyesha milimani mbali, maji yanashuka humo ghafla huku juu yenu kukiwa na jua. Wageni walikufa hivyo Aprili 2012, na tena Septemba 2019.

BandaNaKuni

Kuhusu pesa, kabla ya kutuma mwandikie ujumbe mmoja kwa WhatsApp ili majibu yabaki kwa maandishi. Unaweza kunakili huu:

"Habari. Tuko watu wazima watatu na watoto wawili, Ijumaa hadi Jumapili. Naomba unijibu: (1) Banda liko hatua ngapi kutoka gari linapoegeshwa, na lina ngazi ngapi? (2) Choo kiko ndani? Ni cha kukaa? (3) Kuni za boosta zimo kwenye bei? (4) Uzio wa umeme unawashwa saa ngapi, na askari yupo usiku wote? (5) Nitumie picha ya ufuo ya leo na picha ya boosta. (6) Tukiahirisha siku tatu kabla, pesa inarudi au inahamishwa tarehe nyingine?"

La kwanza na la pili ni kwa ajili ya magoti ya mama. Banda lililoinuliwa lenye ngazi saba na choo cha nje halimfai, hata liwe zuri namna gani.

Pesa itumwe kwa Till au Paybill (namba ya biashara ya M-Pesa) yenye jina linalolingana na mahali, na usome jina hilo kabla ya kuweka PIN. Akikwambia tuma kwa namba ya mtu binafsi na hataki kupokea simu ya video akiwa amesimama hapo uani, tafuta banda lingine. Angalieni pia kama tarehe zenu haziangukii wiki ya Safari Rally (mashindano ya magari), siku hizo Naivasha inajaa na bei inapanda.

Na Jumapili msiwashe boosta asubuhi ya kuondoka. Ogeni na maji yaliyobaki ya jana, fungeni virago saa tatu, muwe mmepita Rironi kabla ya saa saba. Baada ya saa tisa ile foleni ya kuingia Nairobi inaanza kujengeka kuanzia huko juu.